Stetimenti yako ya PDF: inavyotengenezwa, inavyogeuzwa kuwa jedwali, na mahali inapoweza kukudanganya

Huku Soy mahindi hupandwa Machi na Aprili, mvua ndefu zinapoanza, na pesa za mbegu na mbolea hutakikana kabla ya tone la kwanza. Kuanzia hapo hadi mavuno, Oktoba kwenda Desemba, mkulima wa Ziwa au Kipsomba huvuka kwa mkopo wa hapa na pale: mifuko kadhaa kutoka agroveti, kitu kidogo cha chama, pengine sacco. Na siku hizi anayekopesha haridhiki na nakala ya kitambulisho. Anasema, "Nitumie stetimenti ya miezi sita." Unaiomba kwa simu, inaingia kwenye imeili, unaisukuma WhatsApp, basi.

Faili hiyo ya PDF ndiyo itakayoamua kama utapewa mbolea au la. Upande wa pili, mwenye agroveti anaitazama na kuamua kama atatoa mali yake kwa neno lako. Wote wawili wanaiamini kwa sababu inaonekana rasmi: ina nembo, safu zimenyooka, nambari za risiti zimepangwa. Lakini sura ya karatasi na ukweli wa hesabu ni vitu viwili, na ukijua PDF inavyoundwa utaona kwa nini.

Nani huichapa?

Hakuna mtu anayeichapa. Miamala yako yote imehifadhiwa kwenye kompyuta za mtoa huduma, kila muamala na muda wake, nambari yake ya risiti, kiasi kilichoingia au kutoka, na salio lililobaki. Ukiomba stetimenti ya M-PESA kupitia *334# au kwenye app, programu huchagua mistari ya tarehe ulizotaja na kuikabidhi kwa maktaba ya programu. Maktaba hii si ya vitabu. Ni mkusanyiko wa vipande vya programu ambavyo watu wengine wameshaviandika na kuvijaribu, ili anayejenga mfumo asianze kila kitu upya. Zipo nyingi za kazi hii ya PDF: iText hutumiwa na wanaoandika kwa Java, ReportLab na wanaoandika kwa Python. Programu husema, "Chukua mistari hii 400, iweke kwenye kurasa za A4," na maktaba hupiga hesabu ya kila herufi ikae wapi, ukurasa uishie wapi, na vichwa vya safu virudiwe wapi. Sekunde chache, faili iko tayari, inafungwa kwa nywila na kutumwa.

Wazo la kuieleza karatasi kwa maneno ya kompyuta ni la zamani kidogo. John Warnock na Charles Geschke waliacha kazi katika kituo cha utafiti cha Xerox mwaka 1982 wakaanzisha Adobe, na mwaka 1984 wakatoa PostScript, lugha ya kueleza ukurasa. Badala ya kuitumia printa picha ya ukurasa, unaitumia maagizo: nenda hapa, chora mstari, andika neno hili kwa herufi za ukubwa huu. Mwaka 1993 Adobe ikatoa PDF, iliyorithi namna hiyo ya kuchora lakini ikaacha sehemu kubwa ya upangaji programu uliokuwa ndani ya PostScript, ili faili ifunguke haraka na ionekane vilevile kwa kila mtu. Tangu 2008 PDF ni kiwango cha kimataifa cha ISO, kwa hiyo kampuni yoyote inaweza kuandika programu ya kuitengeneza au kuisoma bila kuomba ruhusa.

Microsoft nao walileta ya kwao, XPS, mwaka 2006 pamoja na Windows Vista. Naitaja kwa sababu bado inasumbua watu. Kwenye kompyuta nyingi za Windows kuna printa ya bandia iitwayo XPS Document Writer. Karani wa saiba akiichagua bila kuangalia, unatoka na faili ya .xps au .oxps ambayo simu yako haiwezi kuifungua. Faili haijaharibika. Ifunguliwe kwenye kompyuta yenye XPS Viewer, kisha ichapishwe tena kwa printa iitwayo Microsoft Print to PDF.

Ndani ya PDF hakuna jedwali

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalitarajii. Wewe unaona jedwali. Ndani ya faili, mara nyingi, hakuna jedwali. Kuna maagizo kama haya:

BT
/F1 9 Tf
430 612 Td
(1,000.00) Tj
ET

Maana yake: anza maandishi, tumia herufi za aina ya kwanza, ukubwa wa 9, nenda pointi 430 kutoka ukingo wa kushoto na pointi 612 kutoka chini, andika 1,000.00, maliza maandishi. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, na ukurasa wa A4 una pointi 595 kwa upana na 842 kwa urefu. (Ukiifungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi hutayaona maagizo haya wazi, kwa sababu hubanwa ili faili iwe ndogo. Lakini yako ndani.)

Angalia kilichokosekana. Hakuna mahali paliposema kwamba elfu moja hiyo ni pesa iliyoingia. Inaitwa "iliyoingia" kwa sababu tu imechorwa chini ya kichwa cha safu hiyo. Ingesogezwa kulia kidogo ingekuwa pesa iliyotoka. Mistari myembamba unayoiona kati ya safu ni wino tu, haitenganishi chochote.

Kwa hiyo mweka hazina wa chama anapotaka kuigeuza stetimenti iwe Excel ili ajumlishe michango, programu ya kugeuza hubahatisha. Huchukua kila herufi na mahali ilipo; zilizo kwenye kimo kimoja inaziita mstari, zilizopangana wima inaziita safu. pdfplumber ya Python hufanya hivyo, na tovuti za kugeuza faili hufanya mambo ya namna hiyohiyo nyuma ya pazia. Mara nyingi hupatia. Ikikosea, haikwambii.

Makosa yenyewe yanajirudia. Maelezo marefu ya malipo hukatika na kushuka mstari wa pili, na programu inaufanya mstari huo muamala mpya usio na muda wala kiasi. Urudishe kwenye mstari wa juu yake. Jingine ni mkato wa maelfu. Ukihifadhi jedwali kama CSV, ambayo hutenganisha safu kwa mkato, 3,500.00 inaweza kukatwa vipande viwili, 3 kwenye safu moja na 500.00 kwenye inayofuata, na salio linasukumwa nje kabisa. Elfu tatu na mia tano ya mwanachama imekuwa shilingi tatu.

Kuna na la tatu, ambalo kosa lake si la programu. Kwenye stetimenti ya M-PESA, malipo na ada yake huja kama mistari miwili yenye nambari moja ya risiti. Mtu akiona nambari imerudiwa anadhani ni nakala, anaiambia Excel iondoe zilizojirudia, na ada zote za mwaka zinapotea. Chama kinashangaa kwa nini pesa zilizo kwenye simu ni kidogo kuliko zilizo kwenye kitabu, na macho yote yanamgeukia mweka hazina.

Ukaguzi wa salio

Bahati nzuri, stetimenti imebeba dawa yake. Kila mstari una salio, na salio la mstari mmoja lazima litokane na la mstari uliotangulia. Tuseme chama kilianza asubuhi kikiwa na 2,340.00. Stetimenti huweka miamala mipya juu, kwa hiyo isome kutoka chini:

10:30:41 | Ada ya malipo | imetoka 20.00 | salio 820.00
10:30:41 | Kulipa agroveti | imetoka 3,500.00 | salio 840.00
09:05:12 | Kupokea mchango | imeingia 1,000.00 | salio 4,340.00
08:40:55 | Kupokea mchango | imeingia 500.00 | salio 3,340.00
08:12:03 | Kupokea mchango | imeingia 500.00 | salio 2,840.00

Ukishaigeuza kuwa Excel, weka muda safu ya A, maelezo B, iliyoingia C, iliyotoka D na salio E, vichwa vikiwa mstari wa 1. Kwenye F2 andika:

=E3+C2-D2-E2

Kisha ivute hadi mstari wa pili kutoka mwisho. Ule wa mwisho kabisa hauna wa kuulinganisha nao. Kila jibu liwe 0. Hapa juu, mstari wa ada unatoa 840 + 0 − 20 − 820, ambayo ni 0. Ule wa agroveti: 4,340 + 0 − 3,500 − 840, sifuri tena. Kama kwenye faili yako kiasi kilichotoka kimeandikwa na alama ya kutoa mbele, badilisha -D2 iwe +D2. Ukipata kisicho sifuri, hapo ndipo pa kuangalia. Anza na mistari yenye muda uleule, kama malipo na ada yake. Pengine imebadilishana nafasi tu, na ukiirudisha hesabu inakaa sawa. Isipokaa, linganisha na PDF yenyewe kwa macho.

Hii inachukua dakika tano, na inashika karibu kila kosa la kugeuza. Mimi nisingepeleka jedwali lolote kwenye mkutano wa chama bila safu hiyo ya F.

Iliyoingia si yote mapato

Jedwali likishakaa sawa, bado kuna mtego wa kusoma. Stetimenti ya M-PESA ina muhtasari juu wenye jumla ya pesa zilizoingia na zilizotoka, na mkopeshaji mwenye haraka hutazama jumla hiyo akaiita kipato. Ndani yake kuna vitu vingi ambavyo si kipato. Fuliza, iliyoanza 2019, huonekana upande wa pesa zilizoingia kwa maneno "OverDraft of Credit Party". Huo ni mkopo. Kutoa akiba yako kutoka M-Shwari pia kunaingia upande huohuo, na hiyo ni pesa yako mwenyewe iliyohama mfuko. Malipo yaliyorudishwa nayo vilevile.

Tuseme mkulima ana 60,000 zilizoingia kwa miezi sita, 18,000 kati yake zikiwa Fuliza na 12,000 zikiwa akiba yake mwenyewe. Alichopata kutoka nje ni 30,000. Ukimkopesha kwa kipimo cha 60,000 unamfunga kitanzi, na mbolea yako itarudi kwa shida. Na kama wewe ndiye mkopaji, toa hesabu hiyo mwenyewe kabla hujaulizwa. Kwa mkulima wa mahindi, kutoingiwa na kitu Mei hadi Septemba ni kawaida ya msimu. Umweleze mkopeshaji, na umwonyeshe miezi 12 badala ya 6 ili pesa za mavuno zionekane.

Faili safi haithibitishi chochote

Sasa lile zito. Maktaba zilezile zinazotengeneza stetimenti halali ziko wazi kwa kila mtu, nyingi bila malipo. Anayejua kuandika programu kidogo anaweza kutoa PDF yenye safu zilezile na herufi zilezile.

Mwongo mvivu atanaswa na ukaguzi wa salio. Kwenye mfano wetu, mtu akibadilisha mchango wa 1,000 uwe 10,000, itabidi abadilishe salio la mstari huo liwe 13,340, kisha 9,840, kisha 9,820, na kila mstari unaofuata hadi leo, pamoja na muhtasari wa juu. Wengi hubadilisha mstari mmoja tu wakatumaini hutapiga hesabu. Ila mwongo mwenye programu hapati shida hiyo: anabadilisha namba moja, kompyuta inapiga upya masalio yote, na faili inatoka bila doa. Ikipita ukaguzi wa salio, umejua tu kwamba namba zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Unaweza kufungua sifa za faili ukaona imetengenezwa na programu gani, lini, na kama ilibadilishwa baadaye. Stetimenti inayoonyesha kwamba ilitoka kwenye programu ya kuandikia barua inastahili swali. Lakini sifa hizo nazo huandikwa na programu, na zinaweza kuandikwa uongo. PDF yenye saini ya kidijitali ni imara zaidi, maana herufi moja ikibadilishwa msomaji wa PDF ataonya kwamba saini imevunjika. Shida ni kwamba ukiichapa, ukiipiga picha au ukiigeuza, saini haipo tena. Kinachobaki ni picha ya saini.

Kwa hiyo usiibishanie faili, rudi kwenye chanzo. Kama unakopesha mali ya maana, mwombe mteja aagize stetimenti mpya mbele yako, na uione ikiingia kwenye imeili yake kutoka kwa mtoa huduma. Si aibu kuomba hivyo, mwambie kwa heshima, "Mzee, naomba tuitoe pamoja hapa." Mtu mwenye stetimenti ya kweli atapoteza dakika chache tu. Kama faili ina msimbo wa kuihakiki, utumie. Na kama anayekuonyesha PDF anadai ameshakulipa, faili yake haina kazi: angalia salio lako mwenyewe kabla gunia halijapanda boda.

Kughushi hati ya kompyuta ni kosa la jinai chini ya sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni. Kijana anayeombwa na jirani "amrekebishie namba kidogo" ajue hilo.

Wino mweusi haufuti

Stetimenti yako ina majina ya watu waliokutumia pesa. Hao hawakukubali habari zao zisambae kwenye kundi la WhatsApp, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wao. Kwa hiyo mweka hazina mwangalifu hufunika majina kwa mstari mweusi kabla ya kutuma. Kumbuka lakini PDF ilivyo: ni maagizo yanayofuatana. Agizo la kwanza liliandika jina, la mwisho likachora mstatili mweusi juu yake. Jina bado liko. Mtu akibonyeza, akachagua maandishi yaliyo chini ya weusi na kuyabandika kwingine, analisoma lote.

Njia rahisi ni kugeuza kurasa zilizofunikwa ziwe picha, kisha kuzituma picha hizo. Hakikisha weusi ni mzito kweli. Rangi ya kupaka kwa kidole kwenye simu mara nyingine huacha herufi zikionekana ukiongeza mwanga wa picha. Kama unatuma jedwali la Excel, futa safu ya majina kabisa badala ya kuificha, maana iliyofichwa hufunuliwa kwa kubonyeza mara mbili.

Ukienda saiba

Tovuti za kugeuza PDF bila malipo hufanya kazi kwa kupeleka faili yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ukiitoa nywila ili faili ifunguke, umempa mwenye kompyuta hiyo miezi sita ya maisha yako: unalipwa na nani, siku gani, unabaki na ngapi. Afadhali kazi hiyo ifanyike kwenye kompyuta yako au ya mtu wa chama, kwa programu iliyo humohumo ndani. Excel za sasa kwenye Windows zina uwezo wa kuvuta majedwali kutoka PDF zenyewe. Faili ikiwa na nywila, ifungue kwanza, kisha ichapishe upya kama PDF isiyofungwa, kwenye kompyuta hiyohiyo.

Ikibidi saiba, hapo Soy au mjini Eldoret, andika nywila mwenyewe, usimtajie karani kwa sauti. Ukimaliza, futa faili kwenye folda ya Downloads, futa na lile jedwali, kisha safisha pipa la taka la kompyuta, na utoke kwenye imeili yako kabla hujainuka. Kama uliituma kwa WhatsApp ya saiba ili ichapwe, ifute hapo pia, kwa wote, ukiwa bado umesimama mbele ya kaunta.